Stromae: albamu ya mtoto aliyemutafuta baba

Wengi wamecheza wimbo Papaoutai bila kujua uliandikwa juu ya nini. Ukisoma jina lake polepole kwa Kifaransa, ni swali la mtoto: Baba, uko wapi?

Stromae, jina lake halisi Paul Van Haver, alizaliwa Brussels mwaka wa 1985. Mama yake, Mbelgiji, ndiye alimulea. Baba yake, Mnyarwanda, alimuona mara chache tu, kisha akauawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka wa 1994. Mtoto alikuwa na miaka 9.

Mwaka wa 2013 alitoa albamu Racine carrée. Racine ni mzizi: wa hesabu, lakini pia wa ukoo. Alichanganya dansi ya Ulaya, rap na rumba ya Kongo. Watu wanacheza, kumbe maneno yanazungumzia kansa, ndoa zinazovunjika na baba asiyekuwa nyumbani. Hapo ndipo upya wake.

Oktoba 2015 aliimba Kigali, katika nchi ya baba yake.

Huku kwetu pia, watoto wengi wanauliza swali hilo, juu ya vita ao juu ya baba aliyeondoka tu. Wanastahili kujibiwa.