Kalehe: Disiki za ndoa zisizofunguka, na picha ya mama aliyebaki Nyamukubi

KALEHE – Katika kabati ya mama yangu, hapa Ihusi, kuna bahasha ya kaki yenye disiki tatu. Mpiga picha aliandika juu yake kwa wino mweusi: Ndoa 1, Ndoa 2, Ndoa 3. Ni ndoa ya dada yangu mkubwa, mwaka 2007. Disiki ya kwanza inapita katika lektere yoyote: kanisa, pete, gari lenye maua. Hizi mbili zingine ukiziingiza, lektere inazungusha, inakwaruza kidogo, kiisha inaandika kwamba hakuna disiki ndani.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Ndoa ilikwisha kupita, na watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo wako sekondari. Kilichobadilisha mambo ni tarehe 4 mwezi wa tano 2023. Ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi. Mvua ilinyesha mlimani, mito ikajaa, na jioni maji yakashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Miili zaidi ya 400 iliokotwa. Maelfu ya watu hawakuonekana tena, na wengi kati ya waliookotwa walizikwa kwa haraka bila mtu kujua majina yao. Siku ya kwanza ya juma lililofuata, tarehe 8, inchi nzima ilikuwa katika maombolezo.

Mama yangu mdogo aliuza sambaza katika soko hilo. Mwili wake hatukuupata.

Wakati wa kilio tulitafuta picha ya kuweka juu ya meza. Tulikuwa na moja tu, ile ya karte ya mpiga kura, ndogo, amekaza uso kama mtu anayedaiwa. Ndipo shangazi akakumbuka kwamba katika ndoa ya 2007 huyu mama ndiye aliyeongoza wanawake kuingia na zawadi wakicheza, na kwamba kamera ilimfuata kutoka mlangoni mpaka mbele ya maarusi. Saa ile ya ndoa haiko katika disiki ya kwanza.

Niliuliza jirani mmoja, kiisha mwingine, na nikaelewa kwamba bahasha yetu si ya pekee. Familia nyingi za Kalehe zilizofanya ndoa, ubatizo au sherehe ya shule miaka ile zina disiki ambayo siku moja ilikataa kufunguka, na wengi wanafikiri imeharibika. Mara nyingi haikuharibika. Haikufungwa.

Maneno haya yanahitaji kufasiriwa. Miaka ile mpiga picha alitoka Bukavu na kamera ya kaseti ndogo, MiniDV. Kiisha sherehe, alichomeka kamera kwa waya katika mashini iliyokaa chini ya tele, inayofanana na lektere ya kawaida, lakini yenye kitufe chekundu cha kurekodi. Kampuni ya Pioneer ilitoa mashini ya kwanza ya namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani huko Japani mwishoni mwa 1999. Philips ikafuata na ya kwake mwaka 2001. Zilipofika huku kwetu, nyingi zikiwa zimetumika mahali pengine, zilionekana kuwa mwisho wa matata ya kaseti: hakuna mkanda wa kukatika, hakuna kurudisha nyuma.

Matata yalikuwa mengine. Makampuni hayakuelewana. Kundi moja lilisimama na disiki zinazoandikwa DVD-R na DVD-RW, na DVD-RAM ambayo Panasonic iliipenda sana. Kundi la pili, la Philips na Sony na wenzao, lilikuja na DVD+R na DVD+RW. Alama ya kutoa na alama ya kujumlisha, basi, lakini mashini za mwanzo za upande mmoja hazikuandika kwenye disiki za upande wa pili. Baadaye zikaja zinazokubali zote mbili. Mtu wa Kalehe aliyenunua disiki tupu sokoni Kadutu hakuangalia alama hiyo, na muuzaji naye hakuwa na sababu ya kumwambia.

Halafu kuna jambo la kufunga. Mashini inaporekodi, inaweka picha kwenye disiki, lakini inaacha mlango wazi ili uweze kuongeza zingine kesho. Ukimaliza, ni lazima uingie katika menyu na kuchagua neno ambalo kwa mashini zenye Kifaransa liliandikwa « Finaliser ». Hapo inaandika orodha ya yaliyomo kwa namna ambayo lektere nyingi zinaisoma. Kazi hiyo inachukua dakika kadhaa, na mara nyingine zaidi. Bila orodha hiyo, disiki inasomeka katika mashini iliyoirekodi, na pengine katika ndugu yake wa kampuni moja. Lektere ya jirani inaona kitu kitupu.

Kwa nini wapiga picha hawakufunga? Wengine hawakujua. Wengine walitaka kuongeza picha za siku ya pili. Na mtu aliyekaa Bukavu anajua sababu ya tatu: kuran. Umeme ukikatika katikati ya kufunga, disiki inaweza kupotea kabisa, na mtu aliyepoteza moja namna hiyo anaogopa kurudia. Dada yangu anakumbuka kwamba wetu aliahidi kurudi kuzimaliza zile mbili. Malipo yalikuwa yamekwisha kutolewa, alirudi wapi?

Mashini yenyewe ilikuwa ya mjomba, kule Bukavu. Ilikaa katika stoo yake miaka mingi, imefunikwa kitambaa, ikingoja mtu aikumbuke. Tulipoikumbuka tulikuwa tumechelewa: mwezi wa pili 2025, siku zile mji ulipobadili mikono na watu wakaingia katika nyumba na maduka ya wengine, ilitoka mlangoni pamoja na tele, magodoro na masufuria. Sijui aliyeichukua alitaka kurekodi nini.

Basi nikaenda na bahasha kwa fundi wa ordinatere. Alinifundisha mambo ambayo ningependa kila mwenye disiki ya namna hii ayajue. Alizigeuza disiki kwanza kwenye mwanga. Ya DVD ni vipande viwili vya plastiki vilivyogandishwa pamoja, kila kimoja unene wa nusu milimita na kidogo, na picha zimekaa katikati. Kwa hiyo alama ya kisu upande wa juu haiiui haraka kama CD ya muziki, ambayo picha ya sauti iko karibu kabisa na karatasi ya juu. Matope ya Nyamukubi yanaweza kuoshwa: maji safi, sabuni laini kidogo, kitambaa laini, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Adui mkubwa ni jua. Disiki ya kurekodi mara moja inashika picha kwa rangi ambayo mwanga na joto vinaidhoofisha. Kuikausha juu ya mabati ni kuimaliza.

Onyo la pili: ukiingiza disiki isiyofungwa katika ordinatere, Windows inaweza kusema kwamba ni tupu na kuuliza kama unataka kuitayarisha. Kataa. Kama ni ile ya kufutika, DVD-RW au DVD+RW, kukubali ni kufuta ndoa yote kwa kidole kimoja.

Alichofanya ni kutumia programu ya kusoma disiki bila kungoja orodha, inayoitwa IsoBuster. Inapita disiki kipande kwa kipande na kuonyesha picha zilizokaa pale. Disiki iliyofungwa inaonyesha folda ya VIDEO_TS na mafaili ya VOB. Ile iliyorekodiwa kwa namna ya kuhaririwa, inayoitwa VR, inaonyesha folda ya DVD_RTAV na ndani yake faili moja kubwa, VR_MOVIE.VRO. Ukiliona jina hilo, furahi: picha ziko pale, katika MPEG-2, na VLC, programu ya bure, mara nyingi inazicheza.

Kazi haikuishia hapo. Nilitaka kumpeleka mama faili katika fleshi aiangalie kwenye lektere yake yenye mdomo wa USB, wakati pano za jua zinatosha. Fundi alicheka. Lektere hiyo ni ya zama za DivX, inakubali filamu za AVI kama zile za disiki za mitaani zenye filamu kumi ndani ya moja. Faili ya MP4 ya leo, ile inayotoka katika telefoni, haiijui. Itatoa sauti bila picha, au itaandika tu kwamba haiungi mkono. Na fleshi yenyewe lazima iwe katika mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja inayozidi gigabaiti 4. Disiki ya kawaida inabeba 4.7. Ndiyo maana mtu anajaribu kunakili ndoa nzima katika faili moja, inakataa kuingia, naye analaumu fleshi.

Tulitengeneza mbili: moja ya AVI iliyokatwa vipande kwa lektere ya mama, nyingine ya MP4 kwa telefoni. Hiyo ya pili ndiyo itakayotembea, kwa sababu huku kwetu picha zinapita siku hizi kwa karte ndogo za telefoni na kwa Xender kuliko kwa kitu kingine chochote. Mimi binafsi ninaona kuweka MP4 peke yake ni kurudia kosa la 2007. Ile faili ya kwanza, nzito, kama ilivyotoka kwenye disiki, tumeiacha pia kwenye diski kubwa ya ordinatere, hata kama hakuna mtu atakayeiangalia hivyo. Kila unapoigeuza picha kuwa nyepesi, kitu kinabaki nyuma.

Ndoa 2 ilifunguka dakika 41, kiisha inaganda. Mpiga picha alirekodi kwa namna ya kubana, saa sita katika disiki ya saa mbili, na nyuso za mbali zimekuwa vibobo. Lakini dakika ya 33 mlango wa sali unafunguka na wanawake wanaingia. Wa mbele amebeba beseni yenye kitambaa cha kijani kichwani, mikono iko huru, anacheka na mtu ambaye kamera haimwonyeshi. Kamera inamfuata karibu dakika mbili. Shangazi aliomba turudishe nyuma, tukarudisha, mpaka betri ya telefoni ikaisha.

Nakala moja ilikwenda Goma kwa boti, nyingine Idjwi kwa binamu, ya tatu iko Ihusi. Kutoka kwenye sekunde zile tulitoa picha moja ya kusimama, tukaichapa, na ile ya karte ya mpiga kura imeondolewa ukutani.

Ndoa 3 haijatoa kitu. Fundi anasema kuna alama kwamba imeandikwa, mduara mweusi zaidi unaonekana ukiigeuza kwenye mwanga, lakini lektere ya ordinatere yake haiishiki. Anatafuta mashini ya kampuni ile ile ya zamani. Aliye nayo katika stoo, hata kama haiwaki, asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma kabla ya kuuliza jirani zake.