Kibanzi Ndani ya Jicho: Utambuzi na Uondoaji Wake

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hii yataja mguu, lakini yalifaa jicho vilevile. Fundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, agongapo tindo kwa nyundo, chembe ya chuma yaweza kuchomoka kwa kasi na kulitoboa jicho. Maumivu huenda yakawa ya muda mfupi tu, naye akaendelea na kazi yake. Makala haya yananuia kufafanua jinsi chembe ya aina hiyo inavyotambuliwa na kuondolewa.

Utata wa "jichoni"

Mgonjwa afikapo hospitalini husema, "Daktari, kitu kimeniingia jichoni." Kiambishi -ni huonyesha mahali, ila hakibainishi iwapo kitu hicho kiko juu ya jicho, chini ya kope au ndani ya jicho lenyewe. Kwa mwanaisimu huu ni utata wa kawaida. Kwa mgonjwa, waweza kumgharimu uwezo wa kuona. Vumbi lililotua juu ya konea, yaani ule utando angavu wa mbele, huoshwa kwa maji safi au huondolewa kliniki kwa muda mfupi. Kilichopenya ndani huhitaji upasuaji. Kwa sababu hiyo, daktari huanza kwa kuuliza mgonjwa alikuwa akifanya nini. Akijibiwa kwamba alikuwa akigonga chuma kwa chuma, hushuku kuwa jicho limetobolewa hata kama mgonjwa angali anaona vyema.

Utambuzi

Kwanza hupimwa uwezo wa kuona wa kila jicho. Kisha jicho huchunguzwa kwa darubini maalumu yenye mwanga mwembamba. Mboni iliyopoteza umbo lake la mviringo, tundu dogo katika konea au lenzi iliyoanza kuwa na ukungu ni dalili za kupenya. Rangi ya floresini hutiwa jichoni. Iwapo maji ya jicho yanavuja, rangi hiyo huonekana ikichujuka na kutiririka.

Hatua inayofuata ni picha. Eksirei huonyesha chuma, lakini skani ya CT hubainisha vyema zaidi mahali chembe ilipo. Skani ya MRI haitumiwi panaposhukiwa chuma, kwa kuwa sumaku yake yaweza kuisogeza chembe na kulijeruhi jicho zaidi.

Uondoaji

Mwaka wa 1879, Julius Hirschberg wa Berlin alitumia sumaku ya umeme kuvuta chembe ya chuma kutoka ndani ya jicho. Tangu miaka ya 1970, upasuaji uitwao vitrektomi, ulioasisiwa na Robert Machemer huko Marekani, umeleta mapinduzi. Daktari hupitisha vifaa vyembamba kando ya jicho, huondoa ute uliomo, kisha huishika chembe kwa koleo ndogo au kwa sumaku. Retina iliyochanika hurekebishwa papo hapo.

Mara nyingi madaktari hulenga kuiondoa chembe ndani ya saa 24, hasa kwa hofu ya maambukizi. Jeraha lililoingiwa na udongo ni la hatari zaidi, kwani baadhi ya bakteria waweza kuliangamiza jicho kwa siku moja au mbili. Chuma kikiachwa huota kutu na kuidhuru retina polepole. Shaba safi huzua uvimbe mkali. Kioo na plastiki huvumiliwa zaidi na jicho, na pengine daktari huamua kuviacha.

Kabla ya kufika hospitalini, majeruhi hapaswi kulifikicha jicho, kulikandamiza, wala kuchomoa kitu kilichokwama. Jicho lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, mathalani kitako cha kikombe cha karatasi. Asile wala kunywa, kwani huenda akahitaji nusukaputi. Hospitalini hupewa dawa za kuua bakteria, na chanjo ya pepopunda ikihitajika.

Hitimisho

Imebainika kwamba utambuzi wa kibanzi huanza kwa maneno kabla ya mashine. Mgonjwa anayeeleza kwa ufasaha alichokuwa akikifanya humpunguzia daktari kazi ya kubahatisha. Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba: miwani ya kinga ya fundi ni ya bei nafuu, ilhali jicho halina dukani pa kununuliwa.