Waliokosa chupuchupu

Watu waliofanikiwa hupenda kusimulia walivyokataliwa zamani. Lakini wasimulizi ni wale waliobaki. Aliyekata tamaa akaondoka hana jukwaa, wala dodoso la mtafiti halimfikii. Ukiuliza kama machungu ya kazini yana faida, na ukawauliza waliopo tu, jibu unalijua kabla ya kuuliza.

Mwaka 2019, Yang Wang, Benjamin Jones na Dashun Wang wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walipata njia ya kulikwepa tatizo hilo. Walichunguza wanasayansi chipukizi walioomba ruzuku za taasisi za afya za taifa hilo, NIH, kati ya 1990 na 2005. Maombi hupewa alama, na walio karibu na mstari wa kukatia hawapishani sana kwa uwezo. Kwa hiyo watafiti wakawalinganisha 561 waliopata chupuchupu na 623 waliokosa chupuchupu. Kabla ya matokeo, rekodi za makundi hayo mawili zilifanana.

Hasara ilikuwa wazi: kukosa huko mara moja kulibashiri uwezekano wa zaidi ya asilimia 10 wa mtu kutoweka moja kwa moja kwenye mfumo wa NIH. Ila waliong'ang'ania waliwapita wenzao waliopewa fedha. Sehemu kubwa zaidi ya makala zao iliingia katika asilimia 5 zinazonukuliwa zaidi. Je, ni kwa sababu dhaifu walijichuja wenyewe? Hapa ndipo ninapoupendea utafiti huu: watafiti waliwaondoa pia washindi dhaifu kwa kiwango kilekile. Pengo likapungua, lakini halikwisha.

Tusilinyooshe tokeo hili kupita kiasi. Kilichopimwa ni kukataliwa kwa utaratibu unaojulikana, na mlango wa kuomba tena ukiwa wazi. Matusi ya bosi ni jambo lingine kabisa. Bennett Tepper, aliyechunguza unyanyasaji wa wasimamizi katika utafiti wake wa mwaka 2000, aliwafuatilia pia walioacha kazi. Walionyanyaswa waliacha zaidi; waliobaki hawakuridhika na kazi, na msongo wao wa mawazo ulikuwa mkubwa. Meneja anayedai kwamba ukali wake unawakomaza vijana hana ushahidi hapo. Tena baadhi ya madhara yaliwaelemea zaidi wale ambao wasingeweza kupata kazi nyingine kwa urahisi, na mahali ajira zilipo adimu, hao ndio wengi.