Nyanya za zambarau ni chakula, si dawa

UKIONA nyanya ya aina ya Indigo Rose, huenda ukadhani ni biringanya ndogo. Ganda lake ni la zambarau nzito, karibu jeusi, ingawa ndani ni nyekundu.

Aina hii ilitolewa mwaka wa 2012 na Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, kwa kupandanisha nyanya za kawaida na za mwituni. Rangi yake hutokana na anthosianini, kemikali zilizomo pia katika ganda la biringanya na katika zambarau zenyewe.

Wako wanaodai kwamba nyanya hizi huponya saratani. Mwaka wa 2008, watafiti wa John Innes Centre, Uingereza, walitangaza kwamba panya waliozaliwa na udhaifu wa kupata saratani waliishi wastani wa siku 182 badala ya 142 walipolishwa nyanya za zambarau. Lakini hizo zilikuwa nyanya nyingine, zilizotiwa jeni za ua katika maabara, na zambarau yake hufika hadi ndani. Tena panya si binadamu. Mgonjwa asiache matibabu ya hospitali kwa sababu ya nyanya.

Anayetaka kuzipanda achunguze jina la mbegu. Black Krim na Cherokee Purple pia ni nyeusi, lakini weusi wao si wa anthosianini. Ni rangi ya kijani ya majani iliyobaki ndani ya tunda jekundu.

Usiagize mbegu ng'ambo kwa posta kienyeji. Mbegu huweza kubeba magonjwa ya mimea, kwa hivyo kibali cha KEPHIS hutafutwa kabla hazijatumwa.

Panda penye jua la kutosha, hata kama ni kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Sehemu ya tunda iliyofunikwa na majani haipati zambarau. Usichume mapema: tunda huwa jeusi likiwa bado bichi. Ngoja upande wa chini uwe mwekundu.

Indigo Rose si haibridi, hivyo unaweza kujiwekea mbegu. Zikamue, ziache katika maji kidogo kwa siku mbili au tatu, zioshe, kisha uzianike kivulini.

Na ukikosa mbegu, usisikitike. Nunua biringanya sokoni, uioshe vizuri, na usiimenye ganda.