Mawe ya Busia na Malaba

Msafiri atokaye Bungoma kwenda Uganda, akikaribia Malaba, huona mawe makubwa yamelala mashambani, mengine yamebebana kana kwamba yalipangwa kwa mkono. Hayakupangwa na mtu. Hayo ni matale, nayo zamani yalikuwa ujiuji wa moto chini kabisa ya ardhi. Ujiuji huo ulipoa polepole mno, ndiyo sababu chembe zake ni kubwa hata jicho huziona, pamoja na vipande vya ulanga vinavyometameta. Kisha mvua ikauchukua udongo wa juu, mawe yakabaki wazi. Chini ya mwamba mmoja wa jamii hiyo, Kakapel, watu wa kale walichora maduara na ng'ombe.

Mwamba wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, una asili nyingine. Huo ni mabaki ya volkeno ya aina iliyo adimu, ambayo ujiuji wake ulijaa chokaa. Kwa hiyo Tororo pakawa mahali pa kutengeneza saruji.

Vilima vya Samia vina sifa kubwa zaidi. Chuma chake kilitulia tabaka kwa tabaka chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, kabla hapajawa na mnyama wala mti duniani. Wahunzi wa Kisamia waliyeyusha mawe hayo kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyotafutwa hata na Wajaluo.

Katika miamba ya kale ya nchi hiyo imo dhahabu pia. Maji ya moto yalipenya nyufa, yakaacha jiwe jeupe gumu liitwalo kwatzi, na dhahabu kidogo ndani yake. Miamba hiyo yaendelea hadi Kakamega, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1931. Wengi hudanganywa na jiwe la manjano lenye chuma na kiberiti. Jiwe hilo likigongwa kwa nyundo huvunjika, dhahabu hubapa.

Lakini hasara ya kudanganywa ni ndogo kuliko ya zebaki. Wachimbaji wadogo huichanganya na unga wa mawe ili ishike dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, bali huingia mapafuni na kudhuru ubongo, na mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi. Afadhali basi isichomwe kamwe jikoni. Nayo ikimwagika mtoni hugeuka sumu ndani ya samaki, na maji ya mto Sio huishia Ziwa Viktoria, wanakovua watu wa pande zote mbili.