Hesabu ya Mbu

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: hesabu na homa ya malaria zahusianaje?

Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, aliviona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Mwaka 1911 akaonyesha kwa hesabu kwamba si lazima mbu wote wafe. Wagonjwa 10 wakiambukiza watu 11, ugonjwa huenea. Wakiambukiza 9 tu, hufifia.

Tena mbu hana budi kuuma mara mbili: kwanza avichukue vijidudu, kisha, baada ya siku kama 10 za kukomaa kwao, avitie kwa mtu mwingine. Basi kuuma kwake kukipungua nusu, maambukizo hubaki robo; naye akifa mapema, hayapo kabisa. Ndiyo kazi ya chandarua chenye dawa.

Lakini wilayani Muleba, kusini ya Bukoba, mbu walikuwa wameizoea dawa ile. Kuanzia mwaka 2014 wataalamu walijaribu katika maeneo 48, wakigawa vyandarua vilivyoongezwa dawa ya pili inayovunja usugu wa mbu. Baada ya miezi 9, walipolala watoto chini ya vyandarua vya zamani, 42 katika kila 100 walikuwa na vijidudu. Vilipogawiwa vipya, 29. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaviidhinisha.

Enyi wazazi, chandarua kilichokunjwa sandukuni hakimo katika hesabu hiyo. Kitandikeni usiku huu.