Mto Nile, Jinja: Biashara ya kayaki na somo la mabwawa kwa wakulima wa kando ya maji

*Mabwawa yamefunika sehemu kubwa ya maporomoko yaliyokuwa yakivuta watalii. Wenye mashamba walilipwa fidia, lakini wabebaji na wauza chakula hawakuwa na hati ya kuonyesha*

WAKULIMA wengi wanaoishi kando ya mito ya Afrika Mashariki huuona mto kuwa na kazi mbili tu, kumwagilia mboga na kutoa kitoweo cha samaki. Katika mji wa Jinja, Uganda, ulioko kilomita zipatazo 80 mashariki mwa Kampala, mto umepata kazi ya tatu. Tangu mwaka 1996 wageni wamekuwa wakilipa fedha za kigeni ili washushwe kwenye maporomoko ya Mto Nile kwa boti za mpira na kwa kayaki, yaani mitumbwi midogo ya plastiki inayoendeshwa na mtu mmoja kwa kafi yenye bapa pande zote mbili.

Biashara hiyo imewapa ajira vijana wengi wa vijiji vya Busoga na Buganda, lakini pia imeonyesha jinsi kipato kinachotegemea maji ya umma kinavyoweza kupotea bila aliyekipoteza kuwa na pa kudai.

Kwa nini Jinja

Mito mingi ya ukanda huu hujaa wakati wa masika na kubaki mawe matupu wakati wa kiangazi. Nile ya Jinja haina tabia hiyo kwa sababu inatoka Ziwa Victoria, ambalo ni kama tangi kubwa linalotoa maji mwaka mzima. Kwa mfanyabiashara maana yake ni kwamba hakuna msimu wa kufunga duka.

Sababu ya pili ni kina. Maji ni mengi na ya uvuguvugu, na katika maporomoko mengi miamba iko chini sana, hivyo mtu anayepinduka ana nafasi nzuri ya kuibuka salama kuliko kwenye mto mwembamba wenye mawe.

Waendesha kayaki duniani hupima ugumu wa maporomoko kwa ngazi sita. Ya kwanza ni maji yanayotembea polepole, na ya sita ni yale ambayo hata bingwa hufikiri mara mbili kabla ya kuingia. Kwenye maporomoko ya Itanda ipo sehemu ya ngazi hiyo ya sita, ambapo wageni wa boti za mpira hushuka, wakatembea kwa miguu ukingoni, kisha wakaingia tena majini chini yake.

Kipato kinavyosambaa

Hapo Itanda ndipo mwanakijiji asiyejua hata kuogelea anapopata sehemu yake, kwa kuwa boti na kayaki lazima zibebwe. Wabebaji hulipwa kwa safari, sawa na makuli wa sokoni.

Mnyororo hauishii hapo. Mwenye bodaboda humpakia mgeni pamoja na kayaki yake kutoka mwisho wa safari hadi mwanzo. Kambi za watalii hununua mayai, kuku, viazi na ndizi. Wakulima wa Kayunga, ng'ambo ya magharibi, wanafahamika kwa mananasi, na tunda hilo huliwa sana na watu waliotoka majini na njaa. Vijana wenye bidii hupanda ngazi kutoka ubebaji hadi uokozi wa kayaki, kisha uongozaji wa boti. Wapo Waganda waliofikia kiwango cha kushindana kimataifa katika mchezo huo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kambi hununua kwa ratiba. Mkulima anayeleta trei mbili za mayai leo na kutoweka wiki tatu hawezi kushika soko hili. Waliofanikiwa katika masoko ya namna hii mara nyingi ni wale waliojiunga kikundi, wakapeana zamu ya kupeleka mzigo.

Vifaa na utunzaji wake

Kwa mfanyabiashara mdogo anayefikiria kununua kayaki ili aikodishe, ni vizuri ajue kwamba ziko za aina mbalimbali. Kayaki ya maporomoko ni fupi, na mtu hukaa ndani yake akiwa amevaa sketi maalumu ya mpira inayoziba tundu ili maji yasiingie. Huyu lazima afundishwe kujigeuza akipinduka, au kujitoa kwa kuvuta kamba ya sketi. Kayaki ya maji tulivu ni pana na mtu hukaa juu yake. Akianguka hupanda tena. Kwa ziwa dogo, bwawa au mto wa polepole, aina hii ya pili ndiyo salama kwa mgeni asiye na uzoefu.

Mtumbwi wa gogo bado ni chombo kizuri cha uvuvi na kuvusha mizigo, lakini haufai kwenye maporomoko. Ni mzito, na ukijaa maji ni vigumu kuuokoa.

Kayaki nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya poliethilini. Ni ngumu na huvumilia kugonga mawe, ila ina maadui wawili. Wa kwanza ni jua, ambalo hulifanya ganda kukauka na kupasuka, kwa hiyo banda la makuti au turubai ni sehemu ya mtaji. Wa pili ni uzito wake yenyewe, kwani kayaki ikiachwa muda mrefu ikiwa imening'inizwa kwa ncha zake hupinda. Ilazwe kwa ubavu, au iegemezwe kwenye mbao mbili zilizofungwa matambara.

Ikipasuka, fundi wa faiba hataweza kuisaidia kwa gundi yake, kwa kuwa gundi hiyo haishiki kwenye poliethilini. Hutakiwa kuchomelewa kwa moto na kipande cha plastiki ya aina ileile. Chombo cha faiba ndicho kinachozibwa kwa kitambaa cha faiba na gundi.

Anayenunua kayaki iliyotumika akague chini ya kiti, mahali panapolika haraka zaidi. Abonyeze kwa kidole gumba. Pakilegea kama ndoo ya zamani, aachane nayo au apunguziwe bei. Aangalie skrubu za kiti na mahali pa kukanyagia miguu. Kisha aijaze maji kidogo na kuiacha saa nzima kuona kama inavuja.

Jaketi okozi ndilo la kwanza kununuliwa, wala si la kubana matumizi. Lichaguliwe kulingana na uzito na kifua cha mvaaji. Akishalifunga, mtu mwingine alivute juu kwa mabega; likipanda hadi masikioni ni kubwa mno. Majaketi ya zamani ambayo sifongo yake imebonyea yajaribiwe kwenye maji ya kina kifupi kabla ya kumvisha mteja. Kofia ngumu na kamba ya kurushia mtu anayezama hukamilisha orodha ya lazima.

Mabwawa yalivyobadilisha ramani

Nile ya Jinja ina historia ndefu ya umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 na kuyafunika maporomoko ya Ripon, mahali mto unapoanzia. Baadaye kiliongezwa kituo cha Kiira, kilichoanza kutoa umeme mwaka 2000.

Pigo kwa biashara ya utalii wa maporomoko lilikuja na bwawa la Bujagali, lililojengwa kilomita takriban 8 chini ya Nalubaale. Bwawa hilo la megawati 250 lilizinduliwa rasmi Oktoba 2012, lakini maji yalikuwa yameanza kupanda tangu mwaka 2011 na kuyameza maporomoko ya Bujagali. Mbali na utalii, mahali hapo palikuwa patakatifu kwa Wasoga, wanaoamini kuwa ni makao ya mzimu Budhagaali, na matambiko yalifanywa ili kuuhamisha.

Kampuni za utalii zilihamishia mwanzo wa safari chini ya bwawa. Kambi nyingine zilisogea, na wauza chakula waliokuwa wamejipanga kwenye kituo cha zamani walilazimika kufuata wateja au kubadili kazi.

Ili kufidia hasara ya Bujagali kwa mazingira, Serikali ya Uganda iliingia mkataba na Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba eneo la maporomoko ya Kalagala na Itanda, lililoko mbele zaidi, litahifadhiwa wala halitajengwa bwawa la umeme. Wengi waliwekeza wakitegemea ahadi hiyo.

Ahadi ilizuia bwawa lisijengwe Kalagala penyewe. Hata hivyo, chini zaidi, kati ya wilaya za Kayunga na Kamuli, lilijengwa bwawa la Isimba la megawati 183, lililozinduliwa Machi 2019. Maji yake yalirudi nyuma na kufunika maporomoko mengine ya sehemu ya chini, yakiwamo mawimbi yaliyokuwa yakiwaleta waendesha kayaki kutoka Ulaya na Marekani kwa ajili ya mazoezi. Safari zikafupishwa.

Uganda ilihitaji umeme, na hilo halina ubishi. Mashine za kusaga, viwanda vya sukari na majokofu ya samaki havendeshwi kwa mandhari. Swali lililobaki ni nani aliyebeba gharama.

Nani hulipwa, nani huachwa

Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inaelekeza fidia kwa ardhi, majengo na mazao, pamoja na nyongeza ya usumbufu. Nyongeza hiyo ni asilimia 15, au asilimia 30 iwapo mtu amepewa notisi isiyofikia miezi sita. Mwenye migomba hamsini anaweza kuihesabu mbele ya mthamini.

Lakini mbebaji wa kayaki hana migomba. Mama anayekaanga chapati ukingoni hana jengo. Mwenye bodaboda hana hati ya njia anayopita. Maporomoko yakifunikwa, kipato chao huondoka bila kuingia kwenye kitabu cha mthamini.

Baadhi ya biashara zilijifunza kugeuka. Ziwa tulivu lililojitokeza nyuma ya bwawa la Bujagali sasa linatumika kwa kayaki za kukaa juu, mbao za kusimama na safari za jioni za boti. Wateja wake ni familia na watu wanaoogopa maporomoko. Maji yaliyotulia nayo yana tahadhari yake, kwa kuwa konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji ya namna hiyo. Wanaofanya kazi majini kila siku wanashauriwa kupima mara kwa mara. Dawa ya prazikwanteli hutibu ugonjwa huo.

Njia ya kufika majini

Kwa mkulima mwenye shamba linalogusa mto, mali kubwa anayoweza kuwa nayo ni njia ya kufika majini. Mgeni anahitaji mahali pa kuteremshia kayaki, kivuli, choo na mlinzi wa gari. Hivyo vyote havihitaji mtaji mkubwa.

Mipaka ya sheria lazima ijulikane kwanza. Nchini Uganda kanuni za mwaka 2000 ziliweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 kutoka ukingo wa mito mikubwa kama Nile. Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Banda la tofali likijengwa ndani ya ukanda huo linaweza kubomolewa. Hema na ngazi ya mbao ni jambo la kujadiliana na ofisi ya mazingira kabla, si baada.

Upande wa Buganda kuna jambo la ziada. Wakulima wengi hukaa kwenye kibanja katika ardhi ya mailo ya mtu mwingine. Mkataba wa kambi uliosainiwa na mwenye kibanja peke yake, bila ridhaa ya mwenye ardhi, huweza kuzaa kesi badala ya kodi.

Somo kwa Kenya na Tanzania

Huko Sagana, Kenya, safari za boti za mpira na kayaki hufanyika Mto Tana, ambao chini yake una msururu wa mabwawa ya umeme. Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wageni hupiga kafi kwenye Ziwa Momella Dogo wakiongozwa na askari mwenye silaha, kwa sababu ya viboko na nyati. Mto Rufiji nao umebadilika tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022.

Popote palipo na mamba au viboko, kukodisha kayaki bila kiongozi anayeyajua maji hayo ni kuhatarisha maisha ya mteja na biashara yenyewe.

Kwa vikundi vya kando ya mito hiyo, yaliyotokea Jinja yanaelekeza hatua tatu. Kwanza, kikundi kisajiliwe na kiweke daftari la mapato ya kila siku, hata ya mbebaji, kwa maana daftari ndilo hati ya asiye na shamba. Pili, mradi wowote wa mto unapotangazwa, wanakikundi wahudhurie mikutano ya tathmini ya mazingira na kutaka njia, gati na ajira zao ziandikwe kwenye ripoti kabla haijapitishwa. Tatu, wasitegemee poromoko moja. Mwenye kayaki awe na bustani, na muuza mayai kwa kambi awe na mteja mjini. Maji yakipanda, asiyeandikwa popote hatahesabiwa.